Santuri ya Signora na kijana wangu wa biti

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikitengeneza friji, pampu za maji na redio katika nyumba za Waitaliano hapa Malindi. Mgeni akifika mjini kwetu mara ya kwanza hushangaa kumsikia muuza madafu akipatana bei kwa Kiitaliano. Sisi tumezoea. Lugha hiyo hatukuisomea darasani. Tuliiokota kazini, neno moja leo na jingine kesho, matusi yakitangulia.

Miaka ya karibuni kazi imepungua. Wenye nyumba wamezeeka, wengine wamekufa, na nyumba zinauzwa. Mwaka jana mjane mmoja wa miaka themanini na kitu aliniita nimfungulie viyoyozi na kumtafutia mnunuzi wa friji mbili kabla hajarudi kwao kuishi na bintiye. Sote tulimwita Signora tu. Sehemu ya malipo alinipa pesa taslimu, na sehemu vitu: feni, taa mbili za mezani, gramafoni iliyokatika mkanda na sanduku la santuri.

Mke wangu alipoona sanduku linashushwa kwenye tuktuk alisema neno moja tu. "Mende."

Na kweli walikuwamo.

Sasa wazazi wenzangu, niwaeleze hali ilivyokuwa nyumbani, maana bila hiyo habari ya santuri haina uzito. Kijana wetu wa pili ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha tatu. Tangu aliporithi simu ya dada yake iliyopasuka kioo, anatengeneza biti. Anapanga ngoma, anaongeza besi, anafuta, anaanza upya. Saa sita za usiku mwanga wa simu bado unamulika chandarua. Muhula wa pili alishuka kutoka B hadi C-. Mama yake alitaka simu ivunjwe. Mimi nilipendekeza ifungiwe kabatini hadi Jumamosi. Naye akasema, bila hata kuinua sauti, kwamba akimaliza shule hataki chuo, anataka kuishi kwa biti.

Kauli hiyo ilikaa mezani petu wiki tatu kama sufuria iliyoungua ambayo hakuna anayetaka kuisugua. Karo ya muhula nayo ilikuwa imelipwa nusu.

Gramafoni niliitengeneza Jumapili moja. Mkanda nilikata kwenye tyubu ya baiskeli, mwembamba kama utepe. Mwanzoni kila mwimbaji alisikika kama ameamshwa usingizini, nikakaza kidogo, sauti zikakaa sawa. Tukapiga nyimbo za mapenzi za Kiitaliano, za Krismasi, na moja ya kwaya. Kijana alikuwa kwenye kochi na vipokea sauti vyake masikioni, hayuko nasi.

Halafu nikaweka santuri iliyoandikwa *Tra scienza e fantascienza*, yaani kati ya sayansi na hadithi za sayansi. Mtunzi: Moggi. Mwaka: 1980. Kampuni: Omicron. Waitaliano nimewasikia wakimtaja Celentano, nimewasikia wakimtaja Mina. Moggi, kamwe.

Kuna kipande humo kinaitwa "Officina stellare". Officina ni karakana, kwa hiyo ni karakana ya nyota. Besi ya kinanda cha umeme iliingia kama pampu iliyopata maji baada ya kuvuta hewa nusu saa: nzito, ya kujiamini, inarudi pale pale kila mara na hutaki iache. Ngoma zikaifuata. Juu yake sinthesaiza zikawa zinapiga miluzi na kuteleza kama samaki wadogo kwenye mwanga wa karabai. Hakuna aliyeimba hata neno. Mtoto wetu wa mwisho, wa miaka mitano, aliacha uji akasimama katikati ya sebule akaanza kucheza kwa mabega.

Kijana akatoa kipokea sauti kimoja. Kisha cha pili.

"Baba, hii ni ya lini?"

"1980."

"Haiwezekani."

Nikampa jalada asome mwenyewe. Hayo yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote mwezi ule.

Usiku ule tulikaa wawili na simu yangu, yeye akitafuta, mimi nikimtafsiria Kiitaliano. Moggi hakuwa mtu. Lilikuwa jina la bandia la Piero Umiliani, mzaliwa wa Firenze, 1926, aliyefariki Roma mwaka 2001. Alijiita pia Zalla. Alikuwa na studio yake mwenyewe Roma, aliyoipa jina la Kiingereza, Sound Work Shop, na Omicron ilikuwa kampuni yake. Yaani bwana huyu alitunga, akarekodi kwake, akatoa santuri chini ya kampuni yake, halafu juu yake akaandika jina ambalo si lake. Kijana aliniuliza kama alikuwa akijificha polisi.

Sikuwa na jibu, nikamtumia Signora ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Alijibu kesho yake asubuhi, dakika sita nzima, na nyuma yake nikisikia vijiko vikigongana. Marehemu mumewe alikuwa mhariri wa filamu Roma, na santuri zile zilikuwa vifaa vyake vya kazi, kama bisibisi zangu. Hazikuuzwa madukani. Zilipelekwa kwa watu wa televisheni, redio na filamu, ili mtu anayetengeneza kipindi kuhusu kiwanda, bahari au ugonjwa wa moyo asilazimike kumlipa mtunzi na okestra kila wiki. Anashusha sindano, anasikiliza sekunde kumi, anasema hii inafaa kiwanda, hii inafaa wasiwasi, hii inafaa watoto wanaokimbia. Kipindi kikirushwa, mtunzi anaandikiwa malipo yake kupitia chama cha haki za watunzi, ambacho kwao kinaitwa SIAE.

"Na majina ya uongo?" nilimuuliza.

Akacheka. "Fundi, mtu akitoa santuri nyingi hivyo kwa jina moja, mhariri atachoka naye."

Waitaliano wenyewe huuita muziki huo *sonorizzazione*, kutia sauti. Televisheni ya taifa lao, RAI, ilianza matangazo ya kawaida tarehe 3 Januari 1954, na miaka ya sitini na sabini ilihitaji muziki wa kuweka chini ya picha kama mgahawa unavyohitaji chumvi. Wanamuziki wa hali ya juu waliingia kazi hiyo. Mmoja wao ni Alessandro Alessandroni, ambaye mluzi wake mmeusikia wote katika zile filamu za magobori zenye muziki wa Ennio Morricone, ingawa jina lake hamlijui. Mchana walirekodi muziki wa sinema, jioni muziki wa kipindi cha wadudu. Kwa kuwa hakuna aliyewasubiri kwenye orodha ya nyimbo bora, walijaribu chochote: vyombo vipya vya umeme, midundo ya Wamarekani weusi, sauti za viputo. Nadhani ndiyo sababu inasikika bado ni mpya. Hakuna aliyekuwa akiwachunga.

Sasa hapa pana jambo litakalowahusu wenye watoto wadogo. Mnakijua kile kiwimbo cha vikaragosi, "Mah Nà Mah Nà", ambacho mtoto akikisikia mara moja mtakisikia hadi Ramadhani? Mtunzi wake ni Umiliani huyu huyu. Aliyeimba ni Alessandroni pamoja na mkewe, Giulia De Mutiis. Sesame Street walikichukua mwaka 1969, Muppets nao wakakieneza dunia nzima. Lakini kilipotoka mara ya kwanza, mwaka 1968, kilikuwa ndani ya filamu ya Kiitaliano kuhusu Sweden, filamu ya watu wazima, katika sehemu ya wanawake kwenye chumba cha mvuke. Nilipomweleza mke wangu alimtazama mtoto wa miaka mitano aliyekuwa akikiimba chini ya meza, akafunika mdomo kwa leso, akacheka hadi machozi. Ilikuwa mara ya kwanza sanduku lile kumfurahisha.

Nami nilikuwa na langu la kufurahia. Baba yangu alikuwa mvuvi, na akivua upande wa Ngomeni alikuwa akiona majukwaa ya chuma ya Waitaliano yaliyosimama baharini. Ni mradi wa San Marco, na kutoka hapo walirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Moja, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru, ilipewa jina la Uhuru. Mimi mwenyewe nilikuwa mvulana mkubwa waliporusha ya mwisho. Kwa hiyo kijana aliponiuliza Waitaliano na nyota wapi na wapi, nilimpeleka ufukweni nikamwonyesha upande wa kaskazini. Karakana ya nyota ilikuwa hapo jirani, na babu yake alikuwa akitupa nyavu karibu nayo.

Basi, furaha ya familia ilidumu siku nne. Siku ya tano kijana alileta hoja chakulani.

"Mnaona? Umiliani alitengeneza biti tu. Hakuwa maarufu. Na alikula."

Mama yake aliweka mwiko chini. Yeye hana Kiitaliano, lakini alikuwa amesikiliza kila kitu kuliko tulivyodhani. "Alisoma wapi?" aliuliza.

Kimya.

"Nauliza, alisoma wapi?"

Alisoma konsavatori ya Firenze. Mwaka 1958, kabla ya sinthesaiza zote hizo, alikuwa tayari ametunga muziki wa jazi wa filamu ya *I soliti ignoti*. Huyu ni mtu aliyeweza kuandika kwenye karatasi kila chombo kitapiga nini, akampa mwanamuziki asiyemjua, naye akapiga.

"Basi," mke wangu akasema. "Huyo ni fundi aliyesomea ufundi. Wewe una simu iliyopasuka."

Nilitaka kumtetea kijana kidogo, maana mimi mwenyewe ufundi wangu ni wa kuokoteza, lakini niliona uso wa mke wangu nikaendelea na samaki.

Wiki iliyofuata likaja jaribu. Nilikuwa nimeweka picha ya santuri kwenye hali yangu ya WhatsApp. Kijana mmoja wa Kiitaliano anayeishi Watamu, mkusanyaji, akanipigia mbio. Kumbe nakala za mwanzo za santuri hizi zinatafutwa, kwa kuwa zilichapwa chache na hazikufika dukani. Akataja shilingi elfu kumi na nane. Wasomaji wa Malindi mnajua elfu kumi na nane ni nini mwezi wa Mei, hoteli zimefungwa na mvua inanyesha. Ilikuwa karo iliyobaki, na unga juu yake.

Nilitegemea kijana atalia. Akasema tuuze, ila tumpe wiki mbili.

Kwanza alitaka kukata kipande cha besi akiweke kwenye biti yake. "Sekunde nne tu, baba." Vijana wengi hufanya hivyo, na wengi hawajui kwamba sekunde nne zina mwenyewe. Tulisoma pamoja: kwa sheria ya Kenya muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki, na Italia ni miaka 70. Umiliani alifariki 2001. Pigeni hesabu. Santuri yenyewe ilikuwa yetu, tungeweza kuiuza au kukaangia mayai juu yake, lakini muziki uliomo si wetu. Jambo hilo lilimkera, akanuna siku nzima. Nikamwambia kama anataka kuishi kwa biti, siku moja naye atazitaka hizo sekunde nne zake.

Baada ya hapo alifanya kitu ambacho sikumfundisha. Alichukua daftari la hisabati, akapiga "Officina stellare" mara nyingi kiasi kwamba jirani alikuja kuuliza kama tuna msiba au harusi. Akaandika ngoma inaingia wapi, besi inarudia mara ngapi kabla ya kubadilika, nini kinaondolewa ili kingine kisikike. Alichora mistari kama ramani ya nyaya. Mimi husoma ramani za nyaya kila siku, na ile niliielewa. Kisha akaiweka kando akatengeneza chake, besi tofauti, kwa kasi ya chakacha. Nilimtumia Signora. Alisema mumewe angekiweka kwenye filamu ya wavuvi, pale wanapohesabu samaki.

Santuri ikaenda Watamu, karo ikalipwa. Mke wangu aliiweka risiti ya shule ndani ya kabati pamoja na vyeti vya kuzaliwa.

Sasa niwaambie kilichotokea Agosti, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Mpiga picha za video wa harusi hapa mjini ana shida moja: akiweka wimbo wa msanii maarufu kwenye video ya harusi na kuipandisha mtandaoni, mara nyingi sauti inazimwa au video inaondolewa kwa sababu ya hakimiliki. Anahitaji muziki usio na mwenyewe mkali. Kijana alisikia habari hizo akiwa kinyozini. Akatengeneza vipande saba, kila kimoja na kichwa chake, vile vile kama santuri za mhariri wa Roma: "Bibi harusi anatoka", "Wazee wanakula", "Watoto chini ya meza", "Mvua kidogo", na vingine. "Wazee wanakula" kina kinanda kinachotafuna. Ukikisikia utawaona.

Mpiga picha akavipenda. Akasema mia tano kila kimoja, jumla elfu tatu na mia tano, atume kwa M-Pesa jioni hiyo. Kijana aliingia ndani akiruka. Mama yake alikuwa akikaanga mahamri, hakugeuka.

"Na harusi ya pili akitumia, analipa tena?"

Kijana akasimama.

"Na akimuuzia mwenziwe wa Kilifi?"

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama mahamri.

Mwanamke huyu hajawahi kusoma sheria ya hakimiliki wala kusikia habari za SIAE. Anauza mahamri, anajua tofauti ya kumuuzia mtu andazi na kumpa mapishi. Jioni ile mpiga picha alikuja, tukakaa kibarazani, tukaandika karatasi moja kwa mkono. Vipande saba. Anaruhusiwa kuvitumia kwenye video zake mwenyewe, si kumpa mwingine. Kila harusi mpya, shilingi mia mbili kwa kila kipande atakachotumia. Jina la mtunzi litokee mwisho wa video. Alibishana juu ya mia mbili, akataka mia, wakakutana mia na hamsini. Kijana alitaka kuandika jina lake la kisanii, ambalo sitalitaja hapa kwa heshima ya ukoo. Mama akakataa, akasema kwenye video aandike alitakalo, ila karatasi iwe na jina la cheti cha kuzaliwa. Kwa kuwa hajafikisha kumi na nane, nikatia sahihi mimi kama mzazi. Tumeuliza pia namna ya kusajili kazi zake KECOBO, na tunalishughulikia.

Suala la chuo halijaisha. Yeye anasema biti, mama yake anasema chuo, na juzi nimesikia neno jipya likitajwa kati yao, kusomea ufundi wa sauti, lakini nimeshauriwa nisiingilie. Simu inalala kabatini kuanzia saa nne usiku. Muhula uliopita amepata C+, na C+ hiyo mama yake ameipokea kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu. Harusi za Septemba zimekuwa tatu. Mpiga picha amelipa mbili, ya tatu anazungusha, na mke wangu ameniomba namba yake.